Mtoto wa Kwenye Kijitabu

Kaka yangu hawezi kuchora mtu ambaye hajamwona. Mwambie achore daktari, atakaa na karatasi nyeupe mpaka chai ipoe, kisha atainuka akamtafute daktari. Na kwa kuwa madaktari wana kazi zao, mara nyingi huishia kumchora mtu wa nyumbani kwetu na kumvisha koti jeupe. Ndiyo maana ukoo wetu umetapakaa kwenye kuta za zahanati na shule za mji huu. Marehemu baba ndiye yule mzee anayepimwa presha. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye mama anayenawa mikono kwa sabuni, ingawa mimi ninayemjua sijawahi kumwona akinawa kwa utulivu namna ile. Mimi ndiye mwanamke aliyeshika shavu kwenye bango la meno. Sikuwa naumwa jino. Kaka alikuwa ameniudhi, nikashika tama, naye akachukua kalamu.

Tulikuwa tunaona fahari, na nalisema mapema kwa sababu nikimtwisha kaka lawama zote nitakuwa mwongo. Wateja wangu wakirudi kutoka zahanati walikuwa wananiuliza, "Dada, jino limepona?" nasi tunacheka. Nyumba nzima tulizoea kuchorwa. Haikutupitia akilini kwamba kati yetu kungeweza kuwa na mtu asiyependa.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga: viti viwili, benchi la wanaosubiri, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na mashine ya kukaushia nywele inayopiga kelele kuliko wateja wenyewe. Kaka ana mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na miwili. Amerithi jina la mama yetu, kwa hiyo kaka humwita "mama", nami humwita hivyo nikiwa sijakasirika. Ana pengo mbele, na akiwa anawaza hutafuna ncha ya nywele zilizosukwa. Nimemwambia mara ngapi kwamba ananiharibia kazi.

Siku moja shirika linaloshughulika na mambo ya watoto lilimwomba kaka atengeneze kijitabu cha katuni. Walitaka kitu cha kuwafundisha watoto na wazazi wao jinsi ya kujilinda mtandaoni, kitakachogawiwa shuleni bure. Kaka alikaa na karatasi nyeupe siku nyingi. Wifi akawa analalamika kwamba mume wake amegeuka sanamu. Halafu ghafla akaanza kuchora, na akishaanza haambiliki. Hakula mezani, hakujibu salamu, na kijitabu kikaisha.

Kiliitwa *Kabla Hujatuma*. Kilimhusu msichana mmoja aitwaye Kiherehere, anayecheza gemu ya kujenga nyumba kwenye simu. Anapata rafiki humo ndani, rafiki anamwambia kuwa ni msichana wa rika lake, anamwahidi sarafu za gemu akimtumia picha yake akiwa na sweta la shule. Kiherehere anatuma. Rafiki anaanza kuuliza anaishi nyumba ipi. Hapo mtoto anashtuka, na kurasa zinazofuata zinaeleza la kufanya: usijibu, usifute, piga picha ya skrini uhifadhi, mfungie asikufikie tena. Ukurasa wa mwisho mtoto yuko kifuani kwa baba yake, na chini pameandikwa kwa herufi kubwa: "Mwambie mtu mzima unayemwamini. Siri yako itakuwa salama."

Jioni kilipotoka kiwanda cha uchapaji kaka alituita sote. Alisimama katikati ya sebule akatusomea, akiigiza sauti. Kiherehere alikuwa na pengo. Kiherehere alitafuna nywele. Tulimtambua toka ukurasa wa kwanza, tukawa tunamnyooshea vidole. Kaka alipofika pale mtoto analia na kusema, "Nilidhani ni msichana mwenzangu, ana sauti ya kubembeleza," aliilegeza sauti yake akaivuta puani, nasi tukavunjika mbavu. Binti alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea magoti ya mama yake. Aliinuka akasema anakwenda kunywa maji. Hakurudi.

"Ana aibu huyo," nilisema. "Amekuwa staa ghafla."

Mdomo wangu huu.

Kaka alinipa nakala kadhaa za wateja. Ukurasa mmoja niliung'oa, ule ambao Kiherehere anatabasamu na pengo lote liko nje, nikaubandika kwenye kona ya kioo. Kila mteja aliyekaa kitini nilimwambia, "Unamwona huyo? Ni mtoto wa kaka yangu." Na nilikuwa nasema kweli kwamba kijitabu ni kizuri. Wamama walikisoma wakiwa chini ya mashine, wakarudi nyumbani kuwauliza watoto wao wanacheza na nani kwenye simu. Mmoja alikuja kunishukuru mpaka akanipa mkono wa heri kana kwamba nimechora mimi.

Shule zilipofunguliwa kila darasa likapewa vijitabu. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba mwalimu wa malezi aliwasomea darasani, akauliza, "Haya, Kiherehere alikosea wapi?" na darasa zima likageuka kumtazama mtoto wetu. Mpaka mapumziko alikuwa ameshabatizwa. Kiherehere njoo, Kiherehere pita, Kiherehere leo umemtumia nani picha?

Sisi nyumbani tuliona tu kwamba amenyamaza. Alianza kucheka mdomo umefungwa. Kaka akitoa karatasi, yeye anahama chumba. Zamani alikuwa akirudi shule anakaa pembeni ya meza ya baba yake akimmiminia habari za siku nzima, nani kapigana na nani, nani kaanguka kwenye bomba, naye kaka anachora huku anaitikia "enhe, halafu?" Sasa akawa anasalimu na kupita. Wifi alikuwa na wasiwasi. Kaka akasema ni umri, mabinti wote huwa hivyo. Mimi nikamuunga mkono, mimi ambaye sijazaa nikajifanya najua mabinti wote.

Jumatano moja mchana, saluni haina mtu, akaingia na begi la shule mgongoni.

"Shangazi, nisuke. Mistari yote irudi nyuma. Usibakishe hata mmoja mbele."

"Utatafuna nini sasa?"

Nikamvutia kigoda, akakaa katikati ya magoti yangu, nikaanza kumfumua. Baada ya muda akakigeuza kigoda, akakipa kioo mgongo, nami ikanibidi niinuke nizunguke upya.

"Kioo kimekukosea nini?"

"Kitoe hicho kikaratasi, shangazi."

"Kipi? Hicho?" Nilicheka. "Kiherehere anajificha leo?"

Mikono yangu ilikuwa kichwani kwake, kwa hiyo machozi niliyajua kabla sijayaona. Kichwa kilikakamaa, kisha kikaanza kutetemeka. Alikuwa analia bila sauti. Nimesuka vichwa vya watu wazima wenye misiba na talaka, lakini sijawahi kuhisi kichwa kikitetemeka vile chini ya vidole vyangu. Nilikuwa nimemwita jina hilo kwa mapenzi, na ndivyo nilivyojitetea moyoni kwa muda mfupi sana, mpaka nikashindwa.

Niliinuka nikafunga mlango, nikageuza kibao cha nje kisomeke "Tumefunga". Nikaung'oa ule ukurasa kwenye kioo. Gundi ilibaki, na kipande cha karatasi chenye kidevu chake. Nikakikwangua kwa ukucha.

"Nani mwingine anakuita hivyo?"

"Wote. Hata mwalimu wa hesabu alijisahau akaniita."

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Hamkujua," alisema. Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Shangazi, ile ya kwenye kitabu ni kweli."

"Kweli vipi?"

"Ilinitokea mimi. Mwaka jana. Nilituma picha, halafu nikaogopa, nikaenda kumwambia baba. Hakunigombeza. Alifunga ile akaunti, akaniambia nimefanya vizuri, hili ni letu sisi wawili, hata mama tutamwambia tukiwa tayari." Akavuta soksi juu. "Halafu akaliandika."

Kitana kilinidondoka. Nikawa nasikia vicheko vyetu vya siku ile sebuleni, changu kikiwa juu ya vyote.

"Pengo sijali," aliendelea. Alikuwa anaongea na mlango, mgongo kwangu, na nilielewa kwamba ndiyo njia pekee aliyoiweza. "Wacha wacheke pengo. Lakini yale maneno, nilidhani ni msichana mwenzangu, ana sauti ya kubembeleza. Yale ni yangu. Niliyasema nalia. Nilimwambia yeye tu. Akaja kuyasoma mbele yenu na ile sauti ya puani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na saluni yangu. Niliokota kitana, nikaendelea kuchana kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

"Na sasa amerudi," akasema.

"Nani?"

"Yule mtu."

Alikuwa amefungua akaunti nyingine kwenye gemu ileile, safari hii kwa jina lingine, na alimpata kwa sababu mtoto alikuwa bado anajenga nyumba zake kwa mtindo uleule. Alimtumia mtoto ile picha yake mwenyewe ya mwaka jana. Sweta lilikuwa na nembo ya shule, kwa hiyo shule alishaijua. Akamwandikia kwamba atakikata kichwa chake akiweke kwenye picha chafu na kuisambaza shule nzima, asipokuja kukutana naye Ijumaa, saa ya kutoka shule, nyuma ya maduka ya vifaa vya kuandikia yaliyo karibu na shule. Aje peke yake.

"Ijumaa hii?"

"Hii."

"Umemjibu?"

"Hapana. Kitabu kinasema usijibu."

"Umefuta alichokuandikia?"

"Usifute. Nimepiga picha za skrini zote nikazihifadhi, ndiyo nikamfungia. Akaja na akaunti nyingine, nikafanya hivyohivyo tena." Kwa mara ya kwanza aligeuka akanitazama. "Nimefanya yote ya kwenye kitabu, shangazi. Ule ukurasa wa mwisho tu ndio nimeshindwa."

Ningekuwa na kaka yangu pale ningempiga na kile kitana. Na hasira ile haikuwa safi, kwa sababu kila nilipomfikiria yeye akicheka nilijiona na mimi.

"Niahidi baba hatajua," akasema. "Akijua atalichora na hili. Wameshamwomba sehemu ya pili, nimesikia akiongea na simu. Anasema anatafuta kisa."

Nilitaka kuahidi. Mtoto akikutazama vile unaahidi hata mwezi. Lakini ningekuwa mtu mzima wa pili kumdanganya kwa maneno matamu.

"Hilo siwezi kukuahidi, mama. Hii ni kubwa kuliko mimi na wewe, na Ijumaa ni keshokutwa. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: hakuna mtu nitakayemwambia kabla sijakuambia wewe kwanza. Nitakuambia ni nani, na kwa nini lazima ajue. Ukikataa tutabishana, lakini sitakuzunguka."

Aliwaza. Mkono ulikwenda kutafuta nywele za kutafuna, ukakosa.

"Tuanze na mama yako?"

"Mama na baba wanalala chumba kimoja."

Nilicheka bila kupenda, naye akacheka, mdomo wazi, pengo nje. Nilikuwa sijaliona pengo hilo muda mrefu. Tukakubaliana tuanze na mwalimu wa malezi. Nilimaliza kichwa chake kwa sababu hakuna mtu anayekwenda kushtaki na nusu ya nywele timutimu, kisha nikamsindikiza mpaka mlangoni kwao, nikamwambia wifi kesho nampeleka shule mwenyewe. Wifi akanitazama kwa mshangao. Mimi siamki mapema kwa ajili ya mtu.

Mwalimu wa malezi alitusikiliza amesimama, kisha akakaa. Ndiye aliyeuliza darasani Kiherehere alikosea wapi. Alifungua mdomo, akaufunga, akamwambia mtoto, "Mimi pia nimekukosea," na sikutegemea hilo kutoka kwa mwalimu. Alipiga simu polisi, kwenye ofisi yao inayoshughulikia watoto, wakasema tuje mara moja na simu yenyewe.

Ofisi ilikuwa mwisho wa korido ndefu yenye mabenchi. Askari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alizitazama picha za skrini moja baada ya nyingine bila kuguna.

"Nani alikufundisha kuhifadhi hivi?"

Mtoto akatazama sakafu. "Kijitabu," akasema.

"Umetusaidia sana. Wengine hufuta kila kitu kwa hofu, tunabaki hatuna pa kuanzia." Kisha akanigeukia mimi. "Namhitaji mzazi. Na laini ya simu hii ni ya nani?"

Ilikuwa ya kaka. Nilimwinamia mtoto kama tulivyopatana, nikamweleza ni nani anatakiwa kuitwa na kwa nini. Alichezea kifungo cha sweta mpaka nikadhani kitakatika.

"Aje," akasema. "Lakini humu asiingie."

Niseme kabisa, nisimweke mtu roho juu: Ijumaa ile mtoto wetu hakwenda nyuma ya maduka, na mwanaume mzima aliyekwenda, mtu mwenye ndevu na sauti ya kubembeleza, alikutana na askari wawili waliovaa kiraia. Hilo lina mahakama yake. Mimi nasimulia la pale koridoni siku ya kabla yake.

Kaka alifika amefunga vifungo vya shati upande upande, wino mpaka kwenye viwiko. Wifi alikuwa nyuma yake, anahema, kiatu kimoja anakiburuza. Yule mama askari akatoka mlangoni.

"Mama aingie. Baba subiri hapo."

"Mimi ndiye baba yake!"

"Ndiyo maana nakuambia subiri hapo. Mtoto ameomba."

Mlango ukafungwa. Kaka alibaki ameutazama ule mlango kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha akanigeukia mimi, na nilijua zamu yangu imefika.

"Kuna nini? Amekuambia nini?"

"Kaa chini, kaka."

"Usinikalishe! Mtoto wangu yuko polisi, wewe unajua, mwalimu anajua, mimi sijui. Tangu lini mwanangu akapita kwako kabla ya kwangu?"

"Tangu siku ulipotusomea kijitabu."

Nikamwona akitafuta maneno, akiyapata, na akiyaona mwenyewe kwamba hayatoshi. "Nilibadilisha jina," akasema. "Hata rangi ya sweta nilibadilisha."

"Ulibadilisha jina ukampa Kiherehere. Ndilo wanalomwita shule nzima."

"Nani anamwita?"

"Wote. Mimi mwenyewe jana nilimwita hivyo." Nikamsogelea. "Ulimwambia ni letu sisi wawili, kaka. Halafu ukachukua kilio chake ukakitia puani ukatuchekesha nacho. Mimi nilicheka sikujua. Wewe ulijua."

Alikaa. Benchi lilikuwa refu, akakaa mwisho kabisa, mbali na mimi.

"Nilidhani nawasaidia watoto wengine," alisema. "Nilikosa kisa. Nilikaa, nikakaa, kila nikichora anatoka yeye. Nikasema mtoto akiona kitu cha kweli ataelewa."

"Wameelewa. Hata yeye ameelewa. Huyo mtu amerudi kumtishia, na mwanao amefuata kurasa zako zote, moja moja, hakukosea hata mahali pamoja. Isipokuwa ule ulimojichora wewe."

Sijui kama nilipaswa kuyasema hayo. Yalikuwa ya kweli, na niliyasema nikiwa nataka yamuume. Uso ulimshuka. Kaka yangu ni mtu wa maneno mengi na mikono mingi, hata akiomba chumvi anachora hewani, lakini pale aliiweka mikono yake mapajani akaitazama kama si yake.

Kisha akainuka, akaenda mpaka mwanzo wa korido. Nilikuwa sijaona, yeye alishaona alipoingia: karibu na kaunta palikuwa na bango la ukurasa wa kijitabu, limekuzwa, Kiherehere na simu yake na pengo lake. Kaka alishika kona akaanza kulibandua.

"Mzee, wacha hilo," kijana wa kaunta akamwambia. "Ni la ofisi."

"Nimelichora mimi."

"Basi hongera. Lakini liache. Juzi kuna mtoto alimvuta mama yake mpaka hapa kwa sababu ya hilo bango. Asingeliona sijui ingekuwaje."

Kaka alisimama na ile kona mkononi. Alikuwa haruhusiwi hata kulificha. Nilimwona akiirudisha kona ukutani taratibu, akiubonyeza utepe wa gundi kwa kidole gumba mpaka ukashika. Kisha akarudi kwenye benchi, na safari hii akakaa karibu nami. Tulikuwa tumezungukwa na watu wenye shida zao, na sijui kwa nini nilihisi wote wanatutazama sisi.

"Sehemu ya pili siifanyi," akasema.

Si mimi aliyepaswa kuambiwa.

Mlango ukafunguliwa. Alitoka wifi kwanza, macho mekundu, akampita mumewe bila kumgusa akaja kukaa upande wangu. Nyuma yake akatoka binti. Kaka aliinuka haraka, kisha kama aliyekumbuka kitu akarudi nyuma hatua.

"Mama," akasema. "Nisamehe."

Binti alisimama pale pale mlangoni. Alimtazama baba yake usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena. Yule mama askari alisimama nyuma yake amekunja mikono.

"Huna haja ya kuniambia," kaka akaendelea, na sauti ilikuwa inamtoroka. "Umeshawaambia wanaojua kazi. Mimi nikijua uko salama inanitosha."

Haikuwa inamtosha, na sote pale tulijua. Mtoto naye alijua. Alikuwa anapambana, nilimwona, meno yakitafuta nywele ambazo mimi mwenyewe nilizirudisha nyuma zote.

"Nitakuambia," akasema. "Ila geuka ukutani."

"Nigeuke?"

"Nisione unavyoniangalia. Nawe usinione."

Na kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi juu ya masikio, akageuka. Ukuta ulikuwa mtupu, rangi ya kijani imebanduka kwa chini ambako watu huegemeza viatu. Alisimama umbali wa pua, mikono imening'inia, kama mwanafunzi aliyetolewa mbele kwa kosa. Binti akasogea nyuma yake, akaanza kumsimulia. Alianza na shuleni. Alianza na mwalimu kuuliza swali na darasa kugeuka. Alitaja kila jina la kila aliyemcheka, alisema alivyokula peke yake, alivyojifunza kucheka kwa midomo. Kwa yule mtu na vitisho vyake alikuwa bado hajafika.

Watu wa kwenye mabenchi walianza kuguna. Askari mmoja alipita na kikombe cha chai, akapunguza mwendo.

"Huyu naye kafanya nini?"

Nilitaka kumwambia apite na shughuli zake. Wifi alitaka pia, nilimwona akifungua mdomo. Lakini kaka akajibu mwenyewe, mdomo umegusa ukuta.

"Nilitangaza siri ya mtoto wangu."

Askari alitazama kikombe chake, akaondoka. Mabega ya kaka yalikuwa yanatikisika, na kichwa kikaanza kugeuka kidogo kidogo upande ilikotoka sauti ya mwanawe.

"Bado, baba," binti akasema. "Usigeuke. Sijamaliza."